Jinsi ya kuyasoma maisha ya James Garfield ukayaelewa (usianzie kwenye risasi)

Ukimtaja James Garfield kwa mtu anayependa historia ya Marekani, atakachokujibu ni kimoja tu, yule rais aliyepigwa risasi stesheni. Ni kweli alipigwa, lakini mtu akianzia hapo habari nzima inageuka kuwa kichaa mmoja na bastola, na ukimaliza kusoma hujajua kwanini alipigwa wala kwanini nchi ilibadilika baada yake. Mimi mwenyewe nilisoma hivo mara ya kwanza, nikapita haraka kwenye yale mambo ya forodha ya New York nikiona yanachosha, kumbe ufunguo wote ulikuwa pale pale. Kwa hiyo naandika huu mwongozo kwa yeyote anayetaka kumsoma huyu mtu vizuri, uwe unaandaa somo, unaandika insha au unasoma tu kwa kupenda.

Kabla hujafungua chochote chukua karatasi upige hesabu moja. Aliapishwa tarehe 4 Machi 1881, akapigwa risasi tarehe 2 Julai, akafa tarehe 19 Septemba mwaka huo huo. Yaani urais wake wote ni siku 199, na akiwa mzima ni siku 120 tu, zilizobaki 79 alikuwa kitandani. Sasa linganisha na Baraza la Wawakilishi, alikaa huko kuanzia Desemba 1863 mpaka 1880, miaka 17. Hiyo peke yake inakuonyesha siasa zake uzitafute wapi. Wengi wanatumia muda wao wote kwenye zile siku 199 alaf wanashangaa mbona hamna cha kusema.

Jambo la pili la kuweka sawa kichwani kabla ya kusoma, usichukue siasa za Marekani za leo ukazivalisha mwaka 1880. Chama cha Republican wakati ule ndo chama cha Lincoln, chama kilichopigana vita kuzuia nchi kuvunjika na kumaliza utumwa, na maseneta hawakuwa wanapigiwa kura na wananchi, walichaguliwa na bunge la jimbo. Hili la maseneta liandike kabisa pembeni, litakusaidia mbele.

Haya, utoto wake. Alizaliwa tarehe 19 Novemba 1831 kwenye nyumba ya magogo huko Ohio, karibu na Cleveland, baba yake Abram akafa mtoto hajafika hata miaka miwili, mama yake Eliza akabaki na watoto wanne na shamba. Mwaka 1848 akiwa na miaka 16 akaondoka nyumbani kwenda kufanya kazi kwenye boti za mfereji, kazi yenyewe ni kuswaga baghala wanaovuta boti kwa kamba wakitembea ukingoni, akawa anatumbukia majini mara kwa mara na kuogelea hajui, mwishowe akashikwa na homa kali akarudi kwa mama yake. Hii sehemu ni tamu sana na ndo maana lazima uwe makini nayo, sababu mwaka 1880 wapiga kampeni wake waliichukua hii habari ya mtoto wa mfereji wakaing'arisha mpaka ikawa kama hadithi ya kulalia watoto. Ukiisoma jiulize kila mara, hii ameiandika yeye mwenyewe au imeandikwa na mtu aliyekuwa anatafuta kura? Umasikini wake ulikuwa wa kweli, hilo halina ubishi, ila yale maneno ya kishujaa yaliyowekwa mdomoni mwake mengi ni ya kampeni.

Kisha soma shule yake polepole, maana hapa ndo utamjua mtu. Alienda shule ya Hiram hapo hapo Ohio mwaka 1851, akawa anafagia na kugonga kengele ili alipe ada, muda mfupi akawa anafundisha pale pale, akaenda chuo cha Williams kule Massachusetts akamaliza 1856, akarudi Hiram na mwaka uliofuata akawa ndo mkuu wa shule ile ile aliyokuwa anaifagia. Alikuwa pia anahubiri kanisani, kanisa la Disciples of Christ. Mke wake Lucretia Rudolph walijuana wakiwa wanafunzi, wakaoana Novemba 1858, na ndoa ilikuwa ngumu miaka ya mwanzo, mwaka 1862 kulikuwa na mwanamke mwingine huko New York na Garfield akakiri kwa mkewe, wakayamaliza na baadae wakapendana kweli kweli, barua zao zinaonyesha. Usiiruke hii kwa aibu, inakusaidia kuona binadamu.

Ila kama unataka kitu kimoja cha kukuonyesha akili yake ilivyokuwa, acha hotuba, fanya hisabati yake. Mwaka 1876 akiwa mbunge alichapisha uthibitisho wake mwenyewe wa kanuni ya Pythagoras kwenye jarida la walimu la New England, akasema alikutana nao wakati anajifurahisha na hisabati pamoja na wabunge wenzake. Chukua kalamu tufanye. Chora mstari mlalo wenye urefu wa 7, uukate sehemu mbili, 3 na 4. Kwenye ncha ya upande wa ile 3 simamisha mstari wa urefu wa 4, kwenye ncha ya upande wa ile 4 simamisha mstari wa urefu wa 3. Sasa kutoka pale ulipoukata mstari wa chini, vuta mistari miwili ya mshazari mpaka vichwa vya ile miwili iliyosimama, alaf unganisha vichwa. Umepata trapeza moja yenye pembetatu tatu ndani. Eneo la trapeza ni nusu ya jumla ya pande sambamba mara umbali wa kati yao, yaani nusu ya 7 mara 7, ni 24.5. Pembetatu mbili za pembeni zinalingana, kila moja ni nusu ya 3 mara 4, yaani 6, jumla 12. Inabaki 12.5 ambayo ndo pembetatu ya katikati, na ile ina pembe mraba na pande mbili zinazolingana, ule mshazari. Kwahiyo nusu ya mshazari mara mshazari ni 12.5, mshazari mara mshazari ni 25, mshazari ni 5. Na 9 jumlisha 16 ni 25. Weka herufi badala ya namba utaona inakubali kwa pembetatu yoyote yenye pembe mraba. Mimi kila nikiichora napata heshima mpya kwa huyu mtu, hebu mfikirie mbunge anakaa na wenzake wanabishana umbo badala ya kusengenyana.

Vita usikae sana isipokuwa kama ndo unachokitafuta. Alichaguliwa Seneti ya jimbo la Ohio 1859, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza 1861 akaingia jeshi la kaskazini, akaongoza kikosi cha 42 cha Ohio, akashinda pambano dogo la Middle Creek huko Kentucky tarehe 10 Januari 1862, akawa jenerali, mwaka 1863 akawa mkuu wa wafanyakazi wa jenerali Rosecrans na akawepo Chickamauga, jeshi liliposambaratika yeye akapanda farasi akarudi kwenye mapigano kwa jenerali Thomas aliyekuwa bado ameshikilia. Pambano lile lilipamba moto tarehe 19 Septemba 1863. Yeye mwenyewe alikufa tarehe 19 Septemba, miaka 18 baadae. Watu wa Ohio walikuwa wameshamchagua bungeni tangu Oktoba 1862 akiwa bado vitani, akavua gwanda Desemba 1863 akaenda kukaa kiti chake.

Sasa miaka yake ya bunge. Usijaribu kufuata kila mswada utachoka. Chagua mambo mawili, moja la kumsifu na moja la kumbana, uyasome yote kwa nguvu sawa.

La kumsifu naona ni kesi ya Milligan ya mwaka 1866. Huyo Milligan alikuwa raia wa Indiana aliyehukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi wakati wa vita, na alikuwa upande wa watu ambao Garfield na chama chake waliwachukia. Garfield akamtetea, tena mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani, na ndo ilikuwa mara yake ya kwanza kabisa kusimamia kesi mahakamani. Wakashinda, mahakama ikasema raia hawezi kuhukumiwa na jeshi mahali ambapo mahakama za kawaida zinafanya kazi. Chama chake hakikupenda.

La kumbana ni Crédit Mobilier. Hii ilikuwa kampuni iliyojenga reli ya Union Pacific kwa hela za serikali kwa bei ya juu mno, na mbunge mmoja anaitwa Oakes Ames akawa anawagawia wabunge wenzake hisa kwa bei ya chini ili wasiulize maswali. Ikafumuka 1872, Ames akasema Garfield alipata faida ya dola 329, Garfield akasema hakuchukua hisa, alikopa hela kidogo tu na akailipa. Kamati ya bunge haikumwamini sana ila hawakumuadhibu. Usimsafishe, usimzamishe pia, soma maelezo ya wote wawili uandike unachoamini wewe na sababu zake. Kwangu mimi alifanya uzembe wa kukaa karibu na mtu mbaya alaf akaogopa kusema yote siku ya kwanza. Mwaka 1880 wapinzani walikuwa wanaandika namba 329 kwenye kuta na njia, namba tu bila neno, na kila mtu alikuwa anaelewa.

Tukaze mkanda hapa sasa maana ndo tumefika kwenye kiini. Ili uelewe mkutano mkuu wa chama wa Chicago, Juni 1880, ule wa kumchagua mgombea urais, lazima ujue kwanza forodha ya New York. Serikali ya Marekani wakati ule ilikuwa haikusanyi kodi ya mapato kwa watu kama leo, hela zake kubwa zilitoka kwenye ushuru wa bidhaa, na sehemu kubwa ya ushuru huo ilipita bandari moja, New York. Ofisi ile ilikuwa na ajira nyingi mno, na ajira zenyewe zilitolewa kwa watu wa chama, unaingia kwa kuwa unamjua bosi, na ukishaingia unakatwa sehemu ya mshahara inaenda kwenye chama. Bosi mwenyewe alikuwa seneta Roscoe Conkling. Na mtu wake aliyekuwa mkuu wa forodha kuanzia 1871 alikuwa anaitwa Chester Arthur, mpaka rais Hayes alipomtoa mwaka 1878. Andika jina la Arthur kwa herufi kubwa kwenye karatasi yako na huo mwaka 1871 pembeni yake.

Sasa Chicago. Kundi la Conkling waliitwa Stalwarts, walitaka rais wa zamani Grant arudi kwa muhula wa tatu. Kundi la pili lilikuwa la seneta Blaine. Garfield alikwenda pale kumnadi mtu wa tatu, John Sherman wa Ohio, waziri wa fedha. Chukua karatasi nyingine ufuate kura raundi kwa raundi, hata kama ni za mwanzo na za mwisho tu. Raundi ya kwanza Grant 304, Blaine 284, Sherman 93, hakuna aliyefika nusu. Wakapiga, wakapiga tena, siku ya kwanza ikaisha watu wanapata kura zile zile. Raundi ya 34 jimbo la Wisconsin likamwaga kura 16 kwa Garfield ambaye hata hakugombea, akasimama kupinga kwamba hawawezi kumpigia mtu asiyekubali, mwenyekiti Hoar akamkatiza akamwambia akae. Raundi ya 35 akapata 50. Raundi ya 36 akapata 399, Grant bado ana 306 zake. Angalia hizo namba za Grant, 304 mwanzo 306 mwisho, hawakusogea. Hao ndo watu wa Conkling, na hasira yao itakusindikiza mpaka mwisho wa habari.

Ili kuwapoza, umakamu akapewa mtu wa New York, Chester Arthur. Yule yule.

Uchaguzi wenyewe Garfield alifanyia kampeni nyumbani kwake Mentor, Ohio, watu wanakuja kwa treni anawahutubia kibarazani. Akamshinda jenerali Hancock wa chama cha Democratic kwa kura za wajumbe 214 kwa 155 (kila jimbo lina idadi yake ya kura hizo, na ndo zinazoamua rais), lakini kwa kura za wananchi tofauti haikufika hata elfu 10 nchi nzima. Fanya hesabu nyingine hapa, New York ilikuwa na kura 35. Ondoa 35 kwa Garfield umpe Hancock, inakuwa 179 kwa 190, ameshindwa. Conkling alijua hesabu hiyo, na alitaka alipwe.

Garfield hakumlipa. Tarehe 23 Machi 1881, hajamaliza hata wiki tatu ikulu, akapeleka Seneti jina la William Robertson awe mkuu wa forodha ya New York, na Robertson alikuwa adui wa Conkling ndani ya jimbo lake, ndo mmoja wa wajumbe waliomgomea Chicago. Ukisoma hii sehemu soma na shajara ya Garfield, Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka karatasi zake mtandaoni, utaona alivyokuwa anaelemewa na watu wanaopanga foleni ikulu kuomba kazi, asubuhi mpaka jioni, mtu msomi anayependa vitabu anageuzwa karani wa ajira. Swali alilokuwa anajiuliza lilikuwa ni rais anateua au seneta ndo anateua. Tarehe 16 Mei Conkling na mwenzake Platt wakajiuzulu useneta kwa hasira, wakitegemea bunge la jimbo la New York litawarudisha kwa kishindo (unakumbuka maseneta walichaguliwa na nani), siku mbili baadae Seneti ikampitisha Robertson, na bunge la New York halikuwarudisha. Conkling akaisha kisiasa. Kwa mtazamo wangu hii ndo kazi kubwa ya urais wake, na alishinda.

Pia usiache hotuba ya kuapishwa. Alisema kutolewa watu weusi utumwani mpaka kuwa raia kamili ndo badiliko kubwa zaidi la kisiasa tangu katiba ya 1787, na akasisitiza elimu na haki ya kura kusini. Akampa Frederick Douglass kazi ya msajili wa hati za ardhi Washington. Siku zake hazikutosha kufanya zaidi ya hapo.

Sasa ndo ufungue habari ya risasi, na utaiona tofauti kabisa. Charles Guiteau alikuwa mmoja wa wale wa kwenye foleni. Aliandika hotuba moja ya kampeni ambayo karibu hakuna aliyeijali, akaamini yeye ndo aliyemshindisha Garfield na anastahili kuwa balozi mdogo Paris, akasumbua wizara mpaka Blaine, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, akamwambia asimtajie tena habari za Paris. Tarehe 2 Julai akamsubiri kwenye stesheni ya reli Washington akampiga risasi mbili, moja ikagusa mkono, nyingine ikaingia mgongoni, na akakamatwa akisema yeye ni Stalwart na sasa Arthur atakuwa rais. Alikuwa mgonjwa wa akili kwa maoni ya wengi, ila hayo maneno aliyatoa kwenye magazeti ya ugomvi wa forodha.

Soma siku 79 za kitandani kwa utulivu. Risasi iliingia upande wa kulia, ikapita kwenye pingili ya uti wa mgongo bila kugusa mshipa mkuu wa fahamu ulio ndani yake, ikatulia kushoto nyuma ya kongosho, mahali ambapo ingeweza kukaa bila kumuua. Waliomuua ni vidole. Madaktari wakiongozwa na Dk. Bliss waliingiza vidole na vyuma visivyosafishwa kwenye kidonda wakitafuta risasi, wakati Joseph Lister, daktari mpasuaji wa Uingereza, alishakuja Philadelphia mwaka 1876 kuwaeleza madaktari wa Marekani habari ya vijidudu na wengi wakapuuza. Alexander Graham Bell, yule mgunduzi wa simu, akaleta kifaa chake cha kutafuta chuma mwilini, Bliss akaruhusu kipimwe upande wa kulia tu kwa kuwa alishatangaza risasi iko huko, na godoro lilikuwa na springi za chuma zikavuruga sauti. Mtu wa zaidi ya kilo 90 akaisha mpaka karibu kilo 60, usaha umejaa. Septemba akahamishiwa Elberon, New Jersey, apate hewa ya bahari, watu wakatandika reli usiku kucha mpaka mlangoni mwa nyumba ili asibebwe kwenye gari la farasi. Akafa pale.

Guiteau alinyongwa tarehe 30 Juni 1882, hiyo mstari mmoja unatosha. Usifunge karatasi bado. Rais mpya ni Arthur, mtu wa Conkling, na nchi nzima inamwangalia kwa mashaka. Tarehe 16 Januari 1883 akasaini sheria ya Pendleton, iliyosema kazi fulani za serikali kuu mtu aingie kwa mtihani, na mfanyakazi asilazimishwe kukatwa mshahara kwa ajili ya chama. Ilianza na takriban asilimia 10 tu ya kazi, na forodha ya New York ilikuwamo. Vuta mstari kwenye karatasi yako kutoka 1883 urudi mpaka 1871, utakuta jina la Arthur kwenye ncha zote mbili, na Garfield yuko katikati.